Oc, Oïl na Sì: Ndiyo Iliyogeuka Jina la Nchi

Kusini mwa Ufaransa, kati ya milima ya Pyrenees na Mto Rhône, kuna eneo ambalo kwa karne nyingi limeitwa Languedoc. Jina lenyewe ni maneno matatu yaliyoshikana, langue d'oc, yaani lugha ya oc. Na oc kwa wenyeji wa huko ni ndiyo. Nchi yenye miji ya Toulouse, Carcassonne, Béziers na Montpellier ilipata jina lake kutokana na namna watu wake walivyoitikia wakiulizwa swali. Tumezoea nchi zinazoitwa kwa majina ya mito, ya makabila, ya wafalme au ya bidhaa zilizouzwa pwani yake. Hii iliitwa kwa neno la herufi mbili ambalo kila mtoto wa huko alilijua kabla hajamaliza kuota meno.

Jina hilo ni la heshima, na ni la msiba pia. Walioliingiza kwenye hati za serikali walikuwa maafisa wa mfalme wa kaskazini, ambaye majeshi yake yalikuwa yamekwisha kuiteka nchi. Ufalme huo nao ulikuwa na ndiyo yake, na ndiyo hizo mbili zilizaliwa na mama mmoja. Moja ilipata dola, mahakama na shule. Nyingine ilifika mahali mtoto akiitamka darasani anaadhibiwa.

Mama huyo ni Kilatini, na ajabu ni kwamba Kilatini hakikuwa na ndiyo. Mrumi akiulizwa kama amekuja, alijibu kwamba amekuja. Au alisema ita, au sic, yote mawili yakiwa na maana ya "hivyo". Au alisema certe, "hakika". Katika tamthilia za kuchekesha za Plautus na Terence, zilizoandikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, watumwa na mabwana wanaitikiana kwa namna nyingi, wala hakuna neno moja linalotawala. Msemaji wa Kiswahili hatapata tabu kuelewa hali hiyo. Sisi nasi tuna naam, ee, ehe na hewala, na mara nyingi mtu akiulizwa "Umekula?" hujibu tu "Nimekula", na mambo yakaisha.

Dola ya Roma ya magharibi ilipovunjika katika karne ya 5, Kilatini cha sokoni na mashambani kiliachana polepole na kile cha vitabuni. Mwaka 813 maaskofu waliokutana mjini Tours waliagiza mahubiri yafasiriwe kwa lugha ya watu wa kawaida, iwe Kirumi cha shamba au Kijerumani, maana waumini hawakuelewa tena kilichosomwa altareni. Tarehe 14 Februari 842, mjini Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis aliyetawala Wajerumani na Charles aliyepewa lakabu ya Kipara, walikula kiapo cha kusaidiana dhidi ya ndugu yao Lothair. Kila mmoja aliapa kwa lugha ya askari wa mwenzake ili wamsikie wenyewe na kushika maneno yake. Binamu yao Nithard aliyaandika maneno hayo, na ndiyo maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo ya lugha iliyokuja kuwa Kifaransa. Ndani yake hoc, neno la Kilatini la "hili" au "hilo", limekwisha kulika likabaki o tupu.

Neno hilo lililolika ndilo la kufuata. Katika nchi zilizokuwa za Roma, watu wa Italia, Uhispania na Ureno walichukua sic, "hivyo", wakalifanya ndiyo yao: Waitaliano wakasema sì, Wahispania sí, Wareno sim. Watu wa kusini mwa Galia, Ufaransa ya leo, walichukua hoc. Ukimuuliza mkulima wa Toulouse kama amevuna, alijibu "hilo", maana yake hilo ulilosema ndilo, na hoc ikawa oc. Kaskazini, kuelekea Paris, nao walianza na hoc, ila waliliongezea kiwakilishi cha nafsi. Swali likiwa juu ya mtu mwingine, jibu lilikuwa hoc ille, "hilo yeye", kwa kifupi cha "hilo yeye amelifanya". Hilo likawa o il. Swali likiwa juu ya msemaji mwenyewe, alijibu o je, "hilo mimi". Kifaransa cha kale kilikuwa nazo zote mbili. Hatimaye o il ikaimeza ile nyingine, ikawa neno moja, oïl, na mwanamke aliyeulizwa habari zake mwenyewe akaitikia oïl bila kujali kwamba ndani ya neno hilo mna "yeye" wa kiume. Baadaye herufi ya mwisho ikaacha kutamkwa, na hiyo ndiyo oui ya Wafaransa wa leo.

Ndiyo yetu imepita njia inayokaribiana mno na hiyo. Ni ndi- ya kutilia mkazo pamoja na -yo inayorejelea jambo lililokwisha kutajwa. Bado tunasema ndiye kwa mtu, ndicho kwa kitabu, ndilo kwa shamba. Lakini tunapoitikia hatutafuti ngeli ya kinachoulizwa. Ndiyo imeganda, inafaa kwa yote, kama oïl ilivyoganda. Watu wa Toulouse na watu wa Lamu hawakukaa kitako wakashauriana, na bado wote wawili walikata shauri kwamba kukubali ni kulionyesha jambo la mwenzako na kusema: ni hilo.

Kwingineko Ulaya mambo yalikwenda kivingine. Wajerumani, Waholanzi na watu wa Skandinavia wana ja, neno la kale mno. Warusi, Waserbia na Wabulgaria wana da, na Waromania, ambao lugha yao ni mtoto wa Kilatini, walipokea da hiyohiyo kutoka kwa majirani zao Waslavi. Wapoland husema tak, "hivyo", kwa fikra ileile iliyozaa sì. Wagiriki husema nai, na mgeni kutoka nchi za jirani anaposikia herufi ya n mwanzoni hudhani amekataliwa. Kiairishi hadi leo hakina ndiyo. Mtu hurudia kitenzi alichoulizwa, kama Mrumi.

Waingereza walikuwa na kisa chao, nacho kina damu ndani yake. Kiingereza cha zamani kilikuwa na ndiyo mbili na hapana mbili. Swali la kawaida lilijibiwa yea au nay, swali lenye ukanushi, kama "Je, hukuja?", lilijibiwa yes au no. Mwaka 1532 Thomas More, aliyekuwa Lord Chancellor wa Mfalme Henry VIII, alimshambulia William Tyndale kwa maandishi kwa sababu katika tafsiri yake ya Injili ya Yohana, pale Yohana Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ndiye nabii, Tyndale aliandika no badala ya nay. More aliona kwamba mtu asiyeweza kutofautisha maneno hayo mawili hastahili kulifasiri Neno la Mungu. Hasira hiyo haikutokana na sarufi pekee, kwani Tyndale alikuwa Mprotestanti na More Mkatoliki wa kufa na kupona. More alikatwa kichwa mwaka 1535 na mfalme wake mwenyewe. Tyndale alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto mwaka uliofuata, huko Vilvoorde karibu na Brussels. Tofauti waliyoigombania ilikuwa tayari inakufa midomoni mwa watu, na Waingereza wa leo wanatumia yes na no kwa kila swali. Wafaransa na Wajerumani wameihifadhi kwa upande wa kukubali: anayepinga swali lenye ukanushi husema si kwa Kifaransa, doch kwa Kijerumani.

Aliyekuwa wa kwanza kuzipanga lugha hizi kwa ndiyo zake na kuacha kitabu juu yake ni mkimbizi wa kisiasa. Dante Alighieri alifukuzwa Florence mwaka 1302, akahukumiwa kuchomwa moto endapo angekamatwa, na hakurudi tena nyumbani. Katika miaka ya mwanzo ya uhamisho wake, kati ya 1303 na 1305, aliandika De vulgari eloquentia, kitabu kuhusu ufasaha wa lugha ya watu, na akakiandika kwa Kilatini ili wasomi wasione aibu kukisoma. Hapo aligawa Ulaya kwa ndiyo. Kaskazini na mashariki aliwaweka wote wanaosema iò, akiwachanganya Wajerumani, Waingereza, Waslavi na Wahungaria, jambo ambalo si sahihi, kwani Wahungaria husema igen na lugha yao haihusiani na ya majirani zao. Lakini kusini, alikokujua, aliona sawasawa kwamba watu waliokuwa wakisema lugha moja zamani walikuwa wamegawanyika mafungu matatu, la oc, la oïl na la sì, na akatoa ushahidi kwamba maneno mengi makubwa, kama Mungu, mbingu, upendo, bahari na ardhi, yalibaki yakifanana katika zote tatu. Kitabu hicho hakukimaliza. Kinakatika katika sura ya 14 ya kitabu cha pili, katikati ya hoja.

Kwa nini mtu aliyetaka kuitukuza lugha ya sì aanze kwa kuihesabu ya oc? Kwa sababu yeye na wenzake wote walikuwa wanafunzi wa malenga wa oc. Miaka 200 kabla yake, Guilhem IX, mtawala wa Aquitaine aliyefariki mwaka 1126, alikuwa ametunga nyimbo za mapenzi, za mizaha na za kuaga dunia kwa lugha ya nyumbani badala ya Kilatini. Yeye ndiye malenga wa kwanza wa kundi hilo ambaye kazi zake zimetufikia. Baada yake walikuja wengi: mabwana wenye ngome, makabaila maskini, mapadri waliotoroka parokia, watoto wa wafanyabiashara. Habari za kale zinamtaja Bernart de Ventadorn kuwa mtoto wa mtumishi aliyewasha tanuri la mkate katika ngome ya Ventadorn, na nyimbo zake zikapendwa na malkia. Walikuwapo malenga wanawake pia, na mmojawao, Comtessa de Dia, ametuachia wimbo pamoja na sauti yake ya kuimbia. Ni wimbo pekee wa malenga mwanamke wa huko ambao muziki wake umesalia. Kwa jumla nyimbo zipatazo 2,500 zimehifadhiwa.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili, anayejua mtu anavyoweza kukesha akihesabu mizani na kusaka kina, atawaelewa watu hawa upesi. Arnaut Daniel alibuni utungo wa beti 6 zenye mishororo 6. Badala ya vina, kila mshororo unaishia kwa neno kamili, na maneno hayo 6 yanarudi katika kila ubeti kwa mpangilio uliobadilishwa: neno lililomaliza ubeti wa kwanza linakuja mbele katika ubeti wa pili, la kwanza linafuata, kisha la tano, la pili, la nne na la tatu. Ubeti wa tatu unaupindua wa pili kwa kanuni hiyohiyo, na kadhalika hadi wa sita. Ukijaribu kupindua mara ya sita unarudi ulikoanza, kwa hiyo mtunzi anafunga kwa mishororo mitatu inayobeba maneno yote 6. Mtu aliyeyafanya haya bila kupoteza maana alikuwa fundi, na Dante alimjua kuwa fundi. Katika utenzi wake wa Purgatorio alisimulia kukutana naye, na Arnaut anapofungua kinywa, ndani ya utenzi ulioandikwa kwa Kiitaliano toka mwanzo, anasema mishororo 8 kwa lugha ya oc. Ni heshima ambayo Dante hakumpa malenga mwingine yeyote.

Lugha hii iliheshimiwa hata na wasiozaliwa nayo. Raimon Vidal, Mkatalani kutoka Besalú, aliandika mnamo mwaka 1200 kitabu cha kuwafundisha wageni sarufi yake ili watunge bila makosa, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya sarufi ya lugha iliyotokana na Kilatini. Sordello, mzaliwa wa upande wa Mantua kaskazini mwa Italia, alitunga kwa oc wala si kwa sì.

Kisha vita vikaja. Kusini kulikuwa na Wakathari, Wakristo walioikataa mamlaka ya Roma na kuamini kwamba ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya mungu mwovu. Mabwana wengi wa huko hawakuona sababu ya kuwatesa majirani zao. Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa karibu na Mto Rhône, na Papa Innocent III akatangaza vita vya msalaba dhidi ya nchi ya Kikristo. Makabaila wa kaskazini walimiminika. Tarehe 22 Julai 1209 waliingia Béziers, wakaua bila kuchagua, Wakathari na Wakatoliki, wazee na watoto, hata waliojificha makanisani. Arnaud Amalric, mjumbe wa Papa aliyeongoza msafara ule, alimwandikia Papa mwenyewe kwamba waliouawa walikaribia 20,000.

Vita hivi havikupiganwa kwa ajili ya lugha, na wanaovisimulia hivyo leo wanavuta historia kwao. Askari walikuja kwa dini na kwa ardhi. Lakini aliyechukua ardhi alisema oïl na aliyenyang'anywa alisema oc, na matokeo yake kwa lugha yalikuwa yaleyale. Simon de Montfort, kabaila wa maeneo ya Paris, aligawiwa Carcassonne na Béziers, akaitaka na Toulouse. Mwaka 1213, huko Muret, alimshinda na kumuua Mfalme Pedro II wa Aragon aliyekuja kuwasaidia watu wa kusini. Tarehe 25 Juni 1218, alipokuwa ameizingira Toulouse, jiwe lililorushwa kwa mtambo kutoka ndani ya mji lilimpiga kichwani akafa papo hapo. Utenzi mrefu wa vita hivyo, uliotungwa kwa oc na watu wawili, mmoja akiuanza upande wa wavamizi na mwingine asiyejulikana jina akiuendeleza upande wa Toulouse, unasema mtambo ule ulivutwa na wanawake wa mjini.

Kifo chake hakikuiokoa nchi. Mwaka 1229 Raymond VII wa Toulouse alilazimika kutia sahihi mkataba mjini Paris. Binti yake wa pekee, Jeanne, aliyekuwa bado mtoto, aliahidiwa kuolewa na Alphonse, mdogo wake Mfalme Louis IX, na ikakubaliwa kwamba wakifa bila mtoto nchi yote iende kwa mfalme. Mwaka 1244 zaidi ya watu 200 waliokataa kuiacha imani ya Kikathari walichomwa moto chini ya ngome ya Montségur. Mwaka 1271 Jeanne na Alphonse walifariki siku chache baina yao, bila mtoto.

Ndipo makarani wa mfalme walipohitaji neno la kuiita mali hii mpya. Haikuwa na jina moja. Ilikuwa Toulouse, Carcassonne, Foix, Narbonne, kila mji na bwana wake. Kitu kimoja kiliwaunganisha watu wake masikioni mwa karani wa Paris: walipoitikia, walisema oc. Katika hati za Kilatini za mwisho wa karne ya 13 nchi inaitwa kwa lugha hiyo, na kutoka humo ikazaliwa Languedoc, jimbo lililodumu na baraza lake hadi Mapinduzi ya Ufaransa yalipolivunja mwaka 1790. Kutoka humo pia limetoka jina Occitania.

Lugha haikufa kwa upanga. Mwaka 1323 wapenzi 7 wa ushairi walianzisha mjini Toulouse chama cha kulinda sanaa ya malenga, na Mei iliyofuata wakamtunuku mshindi wa shindano lao ua la dhahabu. Watu wa sokoni, mahakimu wa miji na wahubiri waliendelea na oc yao. Mwaka 1429, Jeanne d'Arc alipohojiwa na mapadri huko Poitiers juu ya sauti alizodai kuzisikia, mmoja wao, Seguin, mwenyeji wa Limousin, alimuuliza sauti hiyo inasema lugha gani. Msichana alimjibu kwamba inasema nzuri kuliko yako. Seguin mwenyewe alisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye, kwenye kesi ya kulisafisha jina la msichana huyo. Ni jibu la mtu jasiri, lakini linaonyesha pia kwamba lafudhi ya kusini ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kumtania nacho mtu.

Agosti 1539 Mfalme François I alitoa amri mjini Villers-Cotterêts kwamba kesi na hati zote za serikali ziandikwe kwa lugha ya mama ya Kifaransa. Mlengwa alikuwa Kilatini. Aliyeumia zaidi alikuwa oc, kwa kuwa kusini ndiyo iliyokuwa ikitumika kuandikia hati za mauzo, wosia na kumbukumbu za miji. Tangu hapo mkulima aliyetaka haki yake ilimbidi amtafute anayejua oui.

Mapinduzi ya 1789 yaliwaahidi watu wote usawa, na usawa huo ukaja kwa lugha moja. Mwaka 1794 Padri Henri Grégoire, mtu aliyepigania Wayahudi wapewe uraia na watumwa waachiwe huru, alisoma mbele ya Bunge la Mapinduzi ripoti yake juu ya haja ya kuziangamiza lugha za mikoani. Kwa makadirio yake, Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakujua Kifaransa hata kidogo, na wengine idadi kama hiyo hawakuweza kuendesha mazungumzo kwa lugha hiyo. Walioisema vizuri hawakuzidi milioni 3. Mtu mwema aliamini kwa dhati kwamba kumkomboa mkulima ni kumvua lugha yake. Naiona hatari hiyo kuwa kubwa kuliko ya Simon de Montfort, maana Montfort alionekana wazi kuwa adui.

Katika karne ya 19 lugha hii iliinuka na kushuka kwa wakati mmoja. Mwaka 1858, katika mji mdogo wa Lourdes chini ya milima ya Pyrenees, Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14 kutoka familia fukara, alisema Bikira Maria amemtokea na kumtajia jina lake. Kwa maelezo yake, Maria hakusema naye kwa Kifaransa. Alisema kwa Kigaskoni, tawi la lugha ya oc, lugha pekee aliyoijua msichana yule vizuri. Wakatoliki wanaokwenda kuhiji huko wanaweza kuyasoma maneno hayo kwa Kigaskoni chini ya sanamu ya pangoni. Miaka minne kabla ya hapo, Mei 1854, washairi 7 wa Provence walikuwa wamekutana katika ngome ya Font-Ségugne wakaapa kuirudishia lugha yao hadhi, wakajiita Félibrige. Kinara wao, Frédéric Mistral, alitoa utenzi wa Mirèio mwaka 1859, akatumia miaka mingi kukusanya kamusi kubwa ya lahaja zote za oc, na mwaka 1904 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi pamoja na Mhispania José Echegaray. Fedha za tuzo alizitia katika makumbusho ya maisha ya watu wa Provence aliyoyaanzisha mjini Arles.

Lakini sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 zilikuwa zimewafungulia watoto wote shule ya bure na ya lazima, na shule ilikuwa ya Kifaransa peke yake. Walimu wengi walitumia kifaa kidogo kilichoitwa senhal, ishara. Kiliweza kuwa kipande cha ubao, kiatu cha mti, au kitu chochote cha kutungika shingoni. Asubuhi mwalimu alimvisha mtoto wa kwanza aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Mtoto huyo hakuwa na njia ya kukivua ila kumnasa mwenzake akiteleza, amvishe yeye. Siku nzima watoto walitegeana masikio uwanjani, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Kilichotendeka hapo wenyeji wanakiita vergonha, aibu. Watoto wale walipokua na kuzaa, wengi walisema oc baina yao jikoni na Kifaransa na watoto wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki anakijua kifaa hiki. Huko Wales watoto walitungikwa kibao kilichochongwa herufi W.N. kwa kusema Kiwelsh, na katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi walimu walikitumia dhidi ya lugha za Kiafrika. Kenya nako kilifika. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Gĩkũyũ karibu na shule walivyopigwa, na jinsi kifungo kilivyopitishwa toka mkono hadi mkono ili jioni wote waliokishika wajulikane. Wakenya wengi wenye umri wa makamo wana majina yao wenyewe ya kitu hicho na hawahitaji kuelezwa kilivyokuwa kizito.

Ufaransa ilianza kulegeza kamba tarehe 11 Januari 1951, kwa sheria iliyoruhusu lugha nne za mikoani, Kioksitani, yaani lugha ya oc, kikiwamo, kufundishwa shuleni kwa hiari. Mwaka 1979 wazazi wa mji wa Pau walianzisha Calandreta ya kwanza, shule ambayo watoto husoma kwa oc tangu chekechea, na nyingine zikafuata. Mwaka 1992 Katiba ilitiwa kifungu kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Mwaka 2008 ikaongezwa kwamba lugha za mikoani ni sehemu ya urithi wa nchi. Aprili 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuzilinda, lakini tarehe 21 Mei mwaka huohuo Baraza la Katiba likafuta kipengele kilichoruhusu masomo kuendeshwa kwa lugha hizo kikamilifu, yaani namna ileile ya Calandreta.

Tangu 2016 mkoa mkubwa wa kusini, wenye wakazi karibu milioni 6 na makao makuu Toulouse, unaitwa rasmi Occitanie. Kwenye metro ya mji huo vituo hutangazwa kwa Kifaransa kisha kwa Kioksitani. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uhispania, kuna Bonde la Aran, lenye watu wapatao 10,000, ambako lugha hiyo hufundishwa na kutumika ofisini. Kwa ajili yao Bunge la Catalonia lilipitisha mwaka 2010 sheria inayoitambua kuwa lugha rasmi katika Catalonia yote. Kwa hiyo oc leo ni lugha rasmi Barcelona, na Toulouse si lugha rasmi.